Tusimzae Upya Shaaban Robert

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwa mtu aliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika mkoa huu wa Mtwara limekuwa kama mwiba uliobaki mguuni. Hivi karibuni niliombwa na shule moja ya sekondari wilayani Masasi kusoma na kupanga kwa ubora insha za wanafunzi wake, mada ikiwa maisha ya Shaaban Robert. Niliifurahia kazi hiyo kabla sijaifungua bahasha. Nilipoifungua nilikutana na akina Shaaban Robert watatu au wanne, na karibu wote walikuwa wageni kwangu.

Yupo aliyezaliwa Masasi, kwa sababu mwandishi wa insha alisikia kwamba marehemu alikuwa na asili ya Kiyao, na Wayao anawaona hapo hapo kwao na kule Tunduru. Yupo aliyekuwa Mkristo, kwa sababu anaitwa Robert. Yupo aliyeketi akaandika riwaya ya Utubora Mkulima mwaka 1968, ilhali wakati huo alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka sita. Na yupo mwingine, ambaye ndiye aliyejaa katika insha nyingi zaidi, ambaye hakuwa mtu wa nyama na damu bali rundo la sifa zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka mahali pamoja, hata koma zikikaa pale pale katika daftari za watoto wasioketi dawati moja.

Sikuona sababu ya kuwalaumu watoto. Nilipouliza habari hizo zimetoka wapi, nilijibiwa kwamba kabati la vitabu la shule lina nakala moja ya riwaya yake ya Kusadikika isiyo na jalada, na kwamba mengine yametoka kwenye simu. Ndipo mwalimu mmoja kijana, kwa adabu zote, akaniuliza: "Sasa mzee wangu, sisi tulioko huku Kusini tumjue vipi mtu wa Tanga aliyefariki mwaka 1962, na kila anayemwandika ama anamtukuza ama anamshutumu?" Siku ile nilimjibu kwa maneno mawili matatu kwa kuwa basi la kurudi Mtwara lilikuwa linaniita. Leo naomba nimjibu kwa urefu, mbele ya wasomaji wako, kwa kuwa naamini swali lake ni la walimu wengi.

Nianze na yasiyo na ubishi mkubwa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, upande wa Machui, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni akiwa karani wa forodha, na baadaye akafanya kazi katika idara ya wanyamapori, katika ofisi ya jimbo na katika ofisi ya upimaji ardhi huko Tanga. Alikuwa Mwislamu. Ukoo wake una asili ya Kiyao, naye mwenyewe alijiita Mswahili. Alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa.

Hata katika hayo machache, mtu makini atakwama mahali. Kuhusu siku ya kufa, yapo maandishi yanayotaja tarehe 20 Juni na yapo yanayotaja tarehe 22. Kuhusu siku ya kuzaliwa, maandishi mengi yanataja tarehe 1 Januari, na hapo sisi tuliowahi kuandikisha watoto darasa la kwanza tunatabasamu kidogo, maana tunaijua tarehe hiyo: ndiyo aliyopewa kila mtu ambaye mzazi wake alikumbuka mwaka, au alikumbuka njaa na mafuriko ya mwaka huo, lakini siku yenyewe hakuiandika popote. Sisemi kwamba tarehe ya Shaaban Robert ni ya kubuni. Nasema kwamba mwanafunzi anayeinakili anapaswa kujiuliza ni nani aliyeiandika kwanza, na huyo aliijuaje. Watu hupenda kumwita Shaaban Robert kuwa ni Shakespeare wa Afrika Mashariki, sifa ambayo mimi binafsi sijapata kuipenda, lakini kwa jambo hili wawili hao wanafanana kweli: daftari la kanisa la Stratford linaonyesha kwamba Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564, na siku ya kuzaliwa inayoadhimishwa kila mwaka, tarehe 23, ni makisio ya watu waliohesabu nyuma kutoka siku ya ubatizo. Waingereza wenye madaftari ya karne nyingi wanakisia. Sisi tuna haki ya kukisia pia, mradi tuseme kwamba tunakisia.

Sasa niliseme lile la Uyao, kwa kuwa ndilo linalotugusa huku. Naielewa furaha ya mtoto wa Masasi anapoambiwa kwamba mwandishi anayesomwa shuleni kote nchini ana damu ya kwao. Mimi mwenyewe nimekaa katika mabaraza ambako wazee wameidai damu hiyo kwa sauti kubwa, na mmoja akaifunga hoja yake kwa kusema lisemwalo lipo. Lakini asili ya ukoo ni jambo moja na mahali pa kuzaliwa ni jambo jingine. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilikuwa ikishuka kutoka bara mpaka Kilwa, Lindi na Mikindani. Watu wa bara waliingia pwani kwa biashara, kwa utumwa, kwa ndoa na kwa kutafuta kazi, wakazaa watoto ambao hawakuijua nchi ya babu zao ila kwa jina. Anayetaka kusema ukoo wa Shaaban Robert ulifikaje Tanga lazima alete ushahidi wa safari hiyo, na fahari peke yake si ushahidi. Zaidi ya hapo, mtu mzima mwenye akili zake aliyejiita Mswahili ana haki ya kuaminiwa katika jambo la kujiita, hata kama sisi tungependa ajiite vinginevyo. Na kama ni Myao aliyeshika kalamu tunamtafuta, yupo ambaye hatuna haja ya kumvuta kwa nguvu: Padri Yohanna Abdallah wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyehudumu Unangu, ng'ambo ya Ruvuma katika Msumbiji ya leo, na ambaye kitabu chake cha historia ya Wayao, kilichoandikwa kwa Kiyao chenyewe, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Katika insha zote nilizosoma hakutajwa hata mara moja.

Turudi kwa Shaaban Robert. Shahidi wa kwanza wa maisha yake ni yeye mwenyewe, kwa kuwa ametuachia kitabu, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na waandishi wetu wachache wa zama zake walituachia kitu kama hicho. Mwalimu anayeweza kupata kitabu kimoja tu, basi na apate hicho. Hata hivyo wahenga walikwisha kutuonya kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Anayeandika maisha yake ni karani, shahidi na hakimu katika kesi moja. Katika kitabu hicho tunamwona mtumishi, mume, mfiwa, baba na mtunzi, lakini juu ya utoto wake na wazazi wake anatuambia machache mno. Na kwa kuwa yeye ni mwandishi wa adili tangu mwanzo mpaka mwisho, kila tukio analolisimulia linaelekea kumfundisha msomaji subira au uaminifu. Si kwamba anasema uongo. Ni kwamba mtu anayesimulia ili afundishe huchagua, na yale asiyoyachagua hatuyaoni. Tena kitabu chenyewe kina sehemu mbili zilizoandikwa katika nyakati mbili mbalimbali, na jina la sehemu ya pili linatosha kutujulisha kwamba anayesema humo ni mtu aliyekwisha kuuvuka mwaka 1959, akitazama nyuma. Mwanafunzi anayechanganya sauti ya kijana na sauti ya mzee katika aya moja anapoteza nusu ya utamu wake. Kwa hiyo nikitaka kujua jinsi alivyoupokea msiba wa mkewe Amina, nitamsikiliza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote; nikitaka kujua jinsi wakubwa wake wa ofisini walivyomtazama, kauli yake peke yake hainitoshi.

Shahidi wa pili, ambaye walimu wengi hawajui kwamba yupo, ni barua zake. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Ningekuwa na uwezo ningeweka nakala moja katika kila shule ya mikoa hii miwili ya Lindi na Mtwara. Barua ina fadhila ambayo kitabu hakina: iliandikwa siku ile, kwa mtu yule, kwa haja ile, na mwandishi hakujua mambo yatakavyoishia. Mtu anayemwandikia nduguye juu ya fedha, ugonjwa, kazi au mswada uliokataliwa hasimami wima kama anayepigwa picha. Lakini hapa pia kuna la kukumbuka. Barua zilizochapishwa ni zile zilizotunzwa, aliyezitunza ni ndugu, na tunachosoma ni upande mmoja wa mazungumzo. Kwa kila barua inafaa kujiuliza ndugu huyo alikuwa ameandika nini hata akajibiwa hivyo.

Jambo la miaka ya vitabu lilinisumbua kiasi kwamba naomba nilipe aya yake. Sehemu kubwa ya kazi za Shaaban Robert ilichapishwa au kuchapishwa upya baada ya kufa kwake. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zote zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na juzuu za Diwani ya Shaaban nazo zilitolewa katika miaka hiyo na kampuni ya Nelson. Mwaka ulioandikwa nyuma ya ukurasa wa jina ni mwaka wa mpiga chapa. Anayeujenga mfululizo wa mawazo ya mwandishi kwa kufuata miaka hiyo, na nimewaona watu wazima wenye shahada wakifanya hivyo, anajenga ghorofa bila kupima kiwanja. Atatuambia kwamba Shaaban Robert aliandika juu ya kilimo na utu wa mkulima kwa sababu ya Azimio la Arusha, ambalo lilitangazwa mwaka 1967, wakati marehemu hakuwahi hata kulisikia.

Sasa lile la kutukuzwa na kushutumiwa. Wanaomtukuza hutuambia kwamba alikuwa mtetezi wa utu na mpinga dhuluma, na hutushika mkono wakatupeleka Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951, ambamo Karama anasimamishwa mbele ya mfalme kujibu mashtaka kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Wasomaji wengi wameiona humo nchi iliyotawaliwa bila kusikilizwa. Wanaomshutumu hutuambia kwamba alikuwa mtumishi mtiifu wa mkoloni, aliyepewa nishani ya MBE na serikali ya Uingereza, na aliyetunga Utenzi wa Vita vya Uhuru akisimama upande wa Uingereza na washirika wake katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngozi yenyewe ni hii moja. Kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili zinasema kweli juu ya yale zinayoyataja, na kila upande unayaficha yale ya mwenzake. Yule aliyemuumba Karama ndiye aliyevaa nishani ile. Asubuhi alikwenda ofisini kuandika majalada ya serikali na usiku akaandika riwaya.

Kwa hiyo mwalimu kijana aliponiambia anataka maandishi yenye mizani, nilimwelewa, lakini nina wasiwasi kidogo na namna neno hilo linavyotumika siku hizi. Mizani si kugawa nusu kwa nusu. Muuza korosho hasemi kwamba amepima kwa haki kwa sababu ameweka jiwe hili huku na jiwe lile kule. Anasema amepima kwa haki pale mizani ilipoachiwa ikatulia yenyewe. Maandishi yanayonipa sifa tatu na lawama tatu, kwa mpangilio, bila kunionyesha ushahidi wa hata moja, hayana mizani yoyote, yana adabu ya nje tu. Ninayoyaamini ni yale yanayokubali kuniambia kwamba katika jambo fulani ushahidi umeelemea upande mmoja, hata kama upande huo haumpendezi mwandishi, na yanayoniwezesha nami nikaenda kuutazama ushahidi huo mwenyewe.

Wahakiki nao wana ngozi ya kuvuta, na hili wanafunzi hawaambiwi. Euphrase Kezilahabi alimfanyia Shaaban Robert utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, na kazi yake ni ya lazima kwa yeyote anayetaka kumjua. Lakini Kezilahabi ndiye huyo huyo aliyetoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 na kuwa miongoni mwa walioanzisha mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mtu wa mapinduzi hayo anapompima bingwa wa vina na mizani, msomaji inafaa ajue ni nani anayepima. Hivyo hivyo kwa gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na ambalo lilichapisha tungo zake. Ni hazina, kwa sababu kila toleo lina tarehe na halikubadilishwa baadaye ili lifanane na mambo yalivyogeuka. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na mtunzi aliyepeleka shairi huko alijua ni nani atakayelisoma kwanza. Ukimya wa Mambo Leo juu ya jambo fulani hauthibitishi kwamba mtunzi hakuwa na la kusema.

Ndugu wa damu na watu wa kijijini kwake ni mashahidi wa namna nyingine. Wanajua mambo ambayo hakuna karatasi iliyoyashika: alivyocheka, alivyokula, alivyokuwa mkali kwa watoto au hakuwa. Ila akipenda chongo huita kengeza, na hakuna mjukuu atakayeanza na makosa ya babu yake. Katika hili Shaaban Robert mwenyewe ametuachia mfano ambao ningependa usomwe na kila anayeandika juu yake. Alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Zanzibar, aliyefika mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake na akafariki mwaka 1950, alikuwa akimwandika mtu aliyempenda na kumheshimu, na kitabu kizima kimejaa sifa. Hata hivyo hakuficha kwamba Siti alitoka katika ufukara wala hakuzifuta kejeli alizotupiwa na waliomwonea kijicho. Aliyempenda aliacha maneno ya adui yasikike. Basi sisi tunaompenda Shaaban Robert tunaogopa nini kuitaja nishani yake?

Kuhusu kile kinachotoka kwenye simu nitasema machache, kwa sababu si adui yangu na mwenyewe naitumia. Maandishi kumi yanayorudia kosa moja ni shahidi mmoja aliyesema mara kumi. Dawa yake ni kupanda mto: huyu alitoa wapi, na yule alitoa wapi, mpaka ufike kwenye chemchemi au ufike kwenye mchanga mkavu. Ukifika kwenye mchanga mkavu, achana na habari hiyo hata kama ni tamu.

Nilipokuwa nazipanga zile insha kwa ubora nilikuta moja fupi, ya binti mmoja wa kidato cha tatu, ambayo haikuwa na mambo mengi na Kiswahili chake kilikuwa na makosa. Lakini aliandika hivi: babu yake alimweleza kwamba alipokuwa shule ya kati walikaririshwa shairi la kumlilia Amina, na kwamba mwalimu wao alisema mtunzi alilitunga baada ya kufiwa na mkewe, kisha binti huyo akaongeza kwamba babu hakuwahi kumwona Shaaban Robert kwa macho. Katika rundo lote ni yeye peke yake aliyetuambia habari yake imepitia midomo ya nani. Nimempa nafasi ya kwanza, na nasikia uamuzi huo umeleta manung'uniko.

Kukusanya midomo hiyo kuna ufundi wake, na sisi watu wa Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kuujifunza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, mikoa hii ikiwamo, kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na bado walipata mengi ambayo majalada ya Wajerumani hayakuyasema. Swali lililo muhimu kuliko yote katika kazi ya namna ile ni jepesi: uliona, au ulisikia? Na kama ulisikia, kwa nani? La pili ni kuwahoji watu wawili mbali mbali, kila mmoja nyumbani kwake, kwa sababu wazee wawili wakikaa kwenye mkeka mmoja huishia kuwa na kumbukumbu moja.

Katika hilo la Majimaji kuna funzo jingine, tena kutoka kwa mtu wa mkoa jirani. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa, alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969 alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, wala si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia wapiganaji maji ya dawa na aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Pamoja na onyo hilo, kila mwaka nawasikia watu majukwaani wakiyanukuu maneno ya mhusika wa jukwaani kana kwamba yalitamkwa kando ya mto Rufiji. Ikiwa mwandishi aliye wazi kiasi hicho anasomwa hivyo, tutashangaa nini Shaaban Robert akifanywa kuwa Karama, na Karama akifanywa kuwa Shaaban Robert?

Hapo ndipo nafika Lindi, Ndugu Mhariri, na ndipo uchungu wangu ulipo. Tunagombania kipande cha Shaaban Robert, ambaye Tanga inamtosha na taifa zima linamtunza, huku tukiwa na mtunzi wetu wenyewe ambaye maisha yake hatujayaandika. Abdul Karim bin Jamaliddini aliishi Lindi, na ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Utenzi huo ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1957 ukatolewa tena hapa Afrika Mashariki na Kamati ya Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtaalamu wa Kiswahili Whiteley na maelezo ya historia yaliyoandikwa na Margaret Bates. Ni ushuhuda wa mtu wa pwani, anayeitazama vita kutoka upande wa mji wala si kutoka upande wa wale waliokunywa maji ya dawa, naye alitunga Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Hivyo kumsoma bila kuyajua maisha yake ni hatari maradufu: tunaweza kumhukumu kuwa kibaraka, au tunaweza kumsamehe yote, na katika hali zote mbili tunasema juu ya mtu ambaye hatumjui alisoma wapi, alifundishwa na nani, alikula kwa kazi gani, alioa wapi na amezikwa wapi.

Njia za kumtafuta zipo. Katika mitaa ya zamani ya Lindi na Mikindani kuna nyumba zenye masanduku ya karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vijana wa nyumba hizo, kwa kuwa hawazisomi, hudhani zote ni Kurani au dua. Nyingine ni hati za mashamba, nasaba, barua na tenzi. Yapo mawe ya makaburi. Yapo masimulizi ya miji ya pwani ya kusini, Lindi ikiwamo, ambayo Mjerumani Carl Velten aliyachapisha Berlin mwaka 1907 na ambayo yanatusaidia kuujua mji ambao mtunzi huyu aliishi. Zipo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zenye majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Na wapo masheikh wazee wanaojua ni nani alisoma chuo kwa nani, mnyororo ambao katika elimu ya dini hutunzwa kwa uangalifu kuliko tarehe za kuzaliwa.

Nimekwisha kumwandikia yule mwalimu kijana wa Masasi kwamba mwakani mada ya insha ibadilishwe iwe huyu, na kwamba wanafunzi wapewe likizo nzima ya kuuliza. Mimi nimejitolea kuwasomea herufi za Kiarabu kwa kiasi macho yangu yanavyoruhusu. Kwa wasomaji wako wa Lindi, Sudi na Mikindani nina ombi moja: mwenye sanduku la namna hiyo asilichome wakati wa kufagia nyumba, wala asimuuzie mgeni. Alipeleke kwenye maktaba ya mkoa, karatasi zipigwe picha moja moja mbele ya macho yake, kisha alibebe arudi nalo kwake.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara